Lango la Kifua: Sehemu ya Chini ya Shingo na Maradhi Yake Katika Picha za Tiba

Msafiri atokaye Singida mjini kwa barabara kuu iendayo Manyoni na Dodoma hupita Issuna, katika nyanda kavu zenye miamba ya matale na mashamba ya mtama, uwele na alizeti. Asubuhi na jioni huwaona akina mama wakitoka kisimani, ndoo kichwani, mikono imeinuliwa kuishika ndoo isiyumbe. Mwanafunzi wa Fizikia huona hapo somo la mizani ya nguvu. Mwanafunzi wa Biolojia huona pingili saba za shingo zikibeba lita ishirini za maji. Mimi nawaomba wasomaji waitazame ile mikono iliyoinuliwa, kwa kuwa somo letu linaanzia hapo.

Tuchukue mfano wa mama wa makamo wa Issuna. Mama huyu nimemtunga kwa ajili ya somo, ila kila dalili nitakayomtwika inajulikana vema na madaktari. Tangu usichana wake ana rovu, yaani uvimbe wa tezi mbele ya shingo, lenye ukubwa wa limau. Halimuumi, wala halijaongezeka kwa miaka kumi, hivyo hakuna anayelijali. Lakini tangu mavuno yaliyopita, kila ainuapo mikono yote miwili ili kuitua ndoo, uso wake huvimba na kuiva, mishipa ya shingo hututumka, na pumzi hutoa mluzi. Akiishusha mikono, baada ya dakika moja au mbili hali hurejea. Usiku hulala ameegemea ukuta. Majirani husema ni pumu, naye amekwisha kutumia dawa za pumu bila nafuu.

Rovu halijakua kwa nje. Basi kilichokua ni nini, na kiko wapi?

Ujenzi wa lango

Kabla ya kujibu, mwalimu awaelekeze wanafunzi wafanye zoezi lisilohitaji chombo chochote. Kila mmoja aguse kikoromeo chake, kisha ateremshe kidole polepole katikati ya shingo. Atapita pete ngumu ya gegedu, halafu pete nyingine zilizo laini zaidi, moja baada ya nyingine. Hilo ndilo bomba la pumzi. Kidole kitaishia katika kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari, kati ya vichwa viwili vya mitulinga. Sasa ameze mate huku vidole vikiwa pande mbili za bomba, na huenda akahisi kitu laini kikipanda na kushuka. Hiyo ni tezi dundumio. Imefungamana na zoloto na bomba la pumzi, kwa hiyo hupanda pamoja navyo mtu anapomeza. Kwa kanuni hiyo ndogo mganga aliye katika zahanati isiyo na umeme anaweza kulitofautisha rovu na uvimbe wa namna nyingine nyingi: humpa mgonjwa bilauri ya maji, akaitazama shingo anapoyanywa.

Tezi dundumio ina umbo la kipepeo. Mabawa yake mawili hukaa kando ya bomba la pumzi, na daraja jembamba huyaunganisha mbele. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Nyuma ya mabawa yake kuna tezi ndogo, kwa kawaida nne, zenye ukubwa wa punje ya mchele, zinazosimamia kiasi cha kalisi katika damu. Nyuma ya bomba la pumzi limelala umio, na kila upande hupita ateri kuu ya kichwa pamoja na vena kubwa inayorudisha damu moyoni.

Katika mfereji ulio kati ya bomba na umio hupanda neva nyembamba iendeshayo nyuzi za sauti. Njia ya neva hii ni ya ajabu. Hutoka kichwani, ikateremka hadi kifuani, upande wa kushoto ikazunguka upinde wa ateri kuu itokayo moyoni, kisha ikapanda tena hadi zolotoni. Twiga, mnyama wetu wa taifa, ana pingili saba za shingo kama sisi, na neva yake hufuata mzunguko uo huo kwa mita kadhaa, ilhali ilipotoka na inapofika ni karibu. Kwa daktari jambo hili lina maana: mtu ambaye sauti yake imekauka kwa wiki nyingi huenda ana ugonjwa kifuani, wala si kooni.

Vyote hivyo hupita katika lango moja. Nyuma yake kuna pingili ya kwanza ya kifua, ubavuni mbavu za kwanza za pande mbili, na mbele sehemu ya juu ya mfupa wa kidari. Kwa mtu mzima lango hili lina upana wa sentimita 10 hivi, na kutoka mbele hadi nyuma ni kama sentimita 5 tu. Ndani yake hupita bomba la pumzi, umio, mishipa mikubwa ya damu ya kichwa na mikono, neva, na upande wa kushoto mrija mkuu wa limfu. Hata ncha za mapafu hujipenyeza hapo, zikapanda sentimita 2 au 3 juu ya mitulinga. Wanafunzi wengi hudhani mapafu huishia chini ya mitulinga, na kosa hilo nimelikuta hata katika michoro ya ubaoni.

Pete ya mfupa haitanuki. Ngozi ya mbele ya shingo hutanuka, ndiyo maana rovu linaloelekea nje laweza kufikia ukubwa wa chungwa, na mwenyewe akaendelea kulima na kutwanga. Lakini rovu linaloteremka nyuma ya kidari hukuta ukuta kila upande. Hapo uvimbe mdogo kuliko ule wa nje huweza kubana. Vena hubanwa kwanza, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba na shinikizo la damu ndani yake ni dogo. Mtu ainuapo mikono, mitulinga husogea na pete huinuka kulizunguka rovu, likaziba lango kama kizibo katika mdomo wa chupa. Damu ya uso haipati pa kuteremkia. Dalili hiyo ilielezwa na daktari Mwingereza, Hugh Pemberton, mwaka 1946, naye aliwaagiza wagonjwa wake wainue mikono hadi iguse pande za uso. Mama wetu wa Issuna hufanya kipimo cha Pemberton kila siku kwa ndoo yake.

Kuhusu pumzi, mwalimu wa Fizikia anaweza kusaidia. Hewa au maji yakipita katika bomba kwa utulivu, ukinzani huenda kinyume na kipeo cha nne cha nusukipenyo. Ukipunguza nusukipenyo kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Hewa inapovuruga mwendo wake, kama itokeavyo katika bomba lililobanwa, hali huwa mbaya zaidi, na mvurugo huo ndio mluzi tunaousikia. Mluzi wa pumu husikika hasa mtu anapotoa pumzi, kwa kuwa mirija iliyobanwa ni ile midogo ya ndani ya mapafu. Mluzi wa bomba lililobanwa shingoni husikika hasa anapovuta. Tofauti hii ingetosha kuwafanya majirani wa mama yetu wasite.

Rovu hutoka wapi

Bibi yangu alikuwa na rovu. Alijifunga khanga shingoni hata wakati wa joto, nasi watoto tulidhani kwamba uvimbe ule ni alama ya uzee kama mvi. Nilikuwa nimekwisha kuingia chuo kikuu nilipofahamu kwamba ulikuwa alama ya udongo.

Tezi dundumio hutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo kila molekuli yake ina atomu nne za iodini, madini yajulikanayo kwetu kwa jina la madini joto. Mtu mzima huhitaji kiasi cha mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Mwanafunzi apige hesabu: mikrogramu 150 kwa siku, kwa siku 365, kwa miaka 70, ni gramu 3.8 hivi. Hicho hakijazi hata kijiko cha chai, nacho ni mahitaji ya maisha mazima. Kiasi hicho kikikosekana, tezi iliyo chini ya ubongo hutuma amri ya kuongeza kazi, na tezi dundumio, kwa kuwa haina malighafi, hujiongezea ukubwa. Katika mimba upungufu mkubwa hudhuru ubongo wa mtoto, na hilo ndilo baya zaidi, ingawa haliwezi kuonekana shingoni mwa mtu.

Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Katika nchi za bara, mvua za maelfu ya miaka zimeiosha udongoni. Hapa watu wa Singida huuliza swali la haki: mbona tuna maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, karibu na mji wenyewe? Jibu ni kwamba ukali wa chumvi ulimini hauonyeshi kuwamo kwa iodini. Chumvi ya kula ni kloridi ya sodiamu, na iodini ni elementi nyingine kabisa, nayo sharti iongezwe kiwandani.

Chakula nacho kina sehemu yake. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, mashariki ya Kongo, watafiti wa Kibelgiji katika miaka ya 1960 walikuta marovu mengi sehemu moja ya kisiwa na machache sehemu nyingine, ilhali iodini ilikuwa haba kote. Uchunguzi uliwafikisha kwenye mihogo ambayo haikuandaliwa vizuri, kwa kuwa sumu yake hugeuka mwilini kuwa kemikali inayozuia tezi kupokea iodini. Katika jimbo la Darfur, Sudan, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba uwele pia una kemikali zinazoizuia tezi kufanya kazi yake. Asije mtu akauacha uwele kwa sababu ya makala haya! Ni nafaka bora kwa nchi kavu, na athari hiyo huwa na uzito pale tu ambapo iodini imepungua.

Tanzania imefanya kazi kubwa katika jambo hili. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilishiriki kupima marovu ya watoto wa shule. Katika miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi zilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 ikafuata sheria ya kuyaongeza katika chumvi. Kiwango cha marovu, kilichokuwa kama asilimia 25 nchini katika miaka ya 1980, kilishuka hadi karibu asilimia 7 katika uchunguzi wa mwaka 2004. Lakini chumvi huzuia rovu jipya, na huweza kupunguza rovu changa na laini la mtoto. Rovu la miaka thelathini, lenye vinundu vigumu na makovu ndani, haliyeyuki kwa chumvi. Ndiyo maana mama wa makamo aweza kuwa nalo katika nyumba ambayo wajukuu wote wana shingo safi.

Kivuli cha eksirei

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miali iliyopenya vitu ambavyo nuru haipenyi. Picha ya eksirei ni kivuli. Mahali ambapo miali imepita kwa wingi, kama katika hewa ya mapafu, picha huwa nyeusi. Mahali ilipozuiwa, kama mfupani, huwa nyeupe. Nyama, damu na tezi huwa na rangi ya kijivu inayofanana, na hapo ndipo penye ugumu wote wa kusoma shingo.

Nilipokuwa masomoni Ulaya, mwalimu wetu wa picha hakuturuhusu kusema neno juu ya picha yoyote ya kifua kabla ya kujibu swali moja: bomba la pumzi liko wapi? Tuliliona swali la kitoto. Baadaye niliona faida yake. Bomba lina hewa, kwa hiyo huonekana kama mstari mweusi unaoteremka katikati ya shingo hadi kifuani. Likiwa limesukumwa upande, kuna kitu kimelisukuma, au pafu la upande ule limesinyaa na kulivuta. Likiwa limebanwa kama shina la mpapai lililofungwa kamba, kuna kitu kimelizunguka. Rovu lenyewe laweza lisionekane kabisa, lakini bomba hutoa ushahidi juu yake.

Kanuni ya pili ni nzuri zaidi. Chora mstari kwa chaki nyeupe ubaoni, nao utaonekana. Chora kwa chaki ileile juu ya ukuta mweupe, nao utapotea, ingawa chaki ipo. Mpaka huonekana pale tu vitu viwili tofauti vinapogusana. Katika eksirei, uvimbe unaogusa hewa ya pafu huwa na ukingo ulio wazi, na uvimbe unaogusa nyama hupoteza ukingo wake. Tukumbuke sasa kwamba ncha za mapafu, zilizo upande wa nyuma, hupanda juu ya mitulinga, lakini upande wa mbele mapafu huishia kwenye mitulinga. Basi uvimbe wa kifuani ambao ukingo wake waonekana wazi hata juu ya mtulinga uko nyuma, karibu na uti wa mgongo, umezungukwa na pafu. Uvimbe ambao ukingo wake hufifia unapofika kwenye mtulinga uko mbele, nao huungana na nyama za shingo. Rovu lililoteremka nyuma ya kidari kwa kawaida ni la aina hii ya pili. Kwa hiyo picha bapa, isiyo na kina, imetuambia jambo juu ya kina! Sijui somo jingine linaloonyesha vizuri hivi jinsi anatomia na fizikia zinavyotegemeana.

Mwangwi

Ultrasaundi haitumii miali. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kusikiliza mwangwi, kama mtu aitaye mbele ya jabali. Katika nyama laini sauti husafiri kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 26, sauti imekwenda na kurudi kwa jumla ya sentimita 4 hivi, hivyo kilichourudisha kiko kwenye kina cha sentimita 2. Kwa shingo hutumiwa masafa ya juu, kwa mfano megahezi 10. Ukigawanya mwendo kwa masafa, urefu wa wimbi ni milimita 0.15 tu, ndiyo sababu kinundu cha milimita 2 au 3 huonekana wazi. Mtaalamu huona kama kinundu kina maji au ni kigumu, kama kina chembe za kalisi, kama kingo zake ni laini au zimechongoka. Chenye kutiliwa shaka huchomwa kwa sindano nyembamba huku akiitazama ncha ya sindano katika kioo cha mashine, na chembe zikapelekwa maabara.

Mashine hii si ghali kama nyingine, hubebeka, wala haina madhara ya miali. Kwa hospitali za wilaya ndiyo rafiki wa kwanza wa shingo. Hata hivyo ina upofu wake. Sauti hupotea ikikuta hewa, na hukwama ikikuta mfupa. Nyuma ya kidari haioni kitu. Mtaalamu mwangalifu akiona ukingo wa chini wa rovu unazama nyuma ya mfupa, huandika katika ripoti yake kwamba hakuufikia mwisho wake. Asiye mwangalifu hupima kile anachokiona, akaandika kwamba rovu ni dogo. Ripoti ya namna hiyo yaweza kumrudisha mama wetu nyumbani na dawa zilezile za pumu.

Vipande vyembamba

Mashine ya CT hutumia eksirei, lakini bomba la miali humzunguka mgonjwa na kompyuta hukokotoa picha ya kipande chembamba cha mwili kana kwamba kimekatwa kwa kisu. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa mjini London mwaka 1971 kwa mashine aliyoibuni mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg na kuanza hesabu zake akiwa Cape Town. Kila nukta ya picha hupewa namba: maji ni 0, hewa hasi 1,000, mafuta karibu hasi 100, nyama kama 50. Tezi dundumio yenye afya hufika karibu 100 bila dawa yoyote ya kuongeza rangi. Sababu ni iodini yenyewe. Atomu yake, yenye namba 53, ni nzito kuliko zile za kaboni, oksijeni na haidrojeni zilizojaa katika nyama, na huzuia miali zaidi. Kile ambacho kukosekana kwake huleta rovu ndicho kinachoing'arisha tezi katika picha.

CT huonyesha rovu limeteremka hadi wapi, bomba la pumzi limebaki na milimita ngapi, na ateri zimesukumiwa upande gani. Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma, mwisho wa barabara ile ile ipitayo Issuna, ina mashine hiyo na ile ya MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio na kuziona vizuri neva ziendazo mkononi. Tahadhari moja haina budi kutajwa. Dawa inayodungwa ili mishipa ionekane katika CT ina iodini nyingi. Katika rovu la miaka mingi, ghafla hiyo ya iodini huweza kuifanya tezi itengeneze homoni kupita kiasi, moyo ukaenda mbio. Pia huharibu kwa wiki kadhaa kipimo kingine, kile cha nyuklia, ambacho nchini kwetu hufanyika kwa mfano katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Katika kipimo hicho mgonjwa hudungwa teknishiamu, ambayo nusumaisha yake ni saa 6, na kamera huonyesha sehemu za tezi zinazofanya kazi na zilizolala. Mara nyingi CT bila dawa hiyo hutosha kupima bomba la pumzi.

Si kila uvimbe ni rovu

Kosa la kuona pumu mahali penye rovu lina ndugu yake: kuona rovu mahali penye kitu kingine. Uvimbe ulio kando ya shingo, usiopanda mtu anapomeza, hasa ukiwa ni mkusanyiko wa vinundu vilivyoshikamana, mara nyingi ni kifua kikuu cha tezi za limfu. Hauna joto wala maumivu makali, na huweza kupasuka na kutoa usaha kwa miezi. Katika ultrasaundi tezi hizo huonekana zimeungana, na katikati zimeoza. Picha peke yake haitoshi: majimaji ya sindano hupimwa maabara, siku hizi hata kwa mashine ya GeneXpert. Tiba yake hutolewa bure kupitia mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977. Vijiji vya wafugaji, ambako maziwa hunywewa mabichi, vikumbuke kwamba upo pia kifua kikuu cha ng'ombe, na kwamba kuchemsha maziwa huua vimelea vyake.

Kinundu kigumu juu ya mtulinga wa kushoto hudai haraka zaidi. Ule mrija mkuu wa limfu, uliokusanya limfu ya tumbo na miguu, humwagia katika vena mahali hapo. Saratani ya tumbo au ya umio huweza kusafiri kwa njia hiyo, na Rudolf Virchow wa Ujerumani alilieleza jambo hilo mwaka 1848. Hivyo ugonjwa wa tumboni huonekana kwanza shingoni. Kadhalika mtu mwenye maumivu ya bega yanayoshuka hadi kidole cha mwisho, na kope moja imelegea, apigwe picha ya kifua na ncha za mapafu zichunguzwe. Mganga aliyezoea kuchua mabega huweza kumchua mtu huyo kwa miezi sita juu ya saratani ya pafu.

Turudi kwa mama

Picha ya kifua ya mama wetu ingeonyesha bomba la pumzi limesukumwa kulia na kubanwa, na kivuli ambacho ukingo wake wafifia kwenye mtulinga. Ultrasaundi ingeonyesha vinundu vingi na ukingo wa chini uliozama nyuma ya mfupa. Damu ingepimwa homoni. CT ingeonyesha kwamba rovu limefika karibu na upinde wa ateri kuu, na kwamba bomba, ambalo lilipaswa kuwa na upana wa milimita 15 au zaidi, limebaki na 6. Namba hiyo ndiyo anayoitaka mtaalamu wa nusukaputi, kwa maana ndiye atakayepitisha mpira wa hewa hapo.

Rovu la namna hii kwa kawaida hutolewa kupitia shingoni, bila kupasua kidari, kwa sababu mishipa yake ya damu hutoka juu na huteremka pamoja nalo. Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alifanya upasuaji huo uwe salama. Yeye mwenyewe aliripoti mwaka 1883 kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi yote walidhoofika mwili na akili. Siku hizi wagonjwa hao humeza thairoksini kila siku. Baada ya upasuaji daktari humwomba mgonjwa aseme jina lake, ili asikie kama ile neva ya twiga imepona.

Kwa darasa: kila mwanafunzi alinganishe bawa la tezi yake, kadiri anavyoweza kulihisi, na pingili ya mwisho ya kidole gumba chake, kipimo kilichotumiwa katika uchunguzi wa marovu duniani kote. Wachore lango la kifua kwa vipimo vilivyotajwa, kisha waweke ndani yake bomba la pumzi la milimita 18 na umio, waone nafasi iliyobaki. Wakokotoe ukinzani umeongezeka mara ngapi bomba la milimita 18 likibanwa hadi 6. Na wale wenye bibi au shangazi mwenye rovu la siku nyingi wamwombe, kwa adabu, ainue mikono yote miwili kando ya uso kwa dakika moja, kisha wamtazame uso.